Kunyoa sapeni bila kuiua

Tuanze na kosa letu, maana ndilo lililotufundisha. Mwaka jana, mwezi wa saba, katikati ya kiangazi, tulikwenda shambani watu kumi na mmoja, kila mtu na mupanga wake, tukanyoa sapeni arobaini na tatu kwa siku moja. Tulikuwa na furaha sana. Mbele yetu alikuwa kamaradi mmoja aliyeendesha mashine ya kuchimba miaka kumi na nane, naye alikata sawa vile anakata majani ya lupango lake nyumbani: kwa nguvu, mstari umoja, mpaka ndani. Jioni miti ilikuwa imenyooka kama mishumaa. Tukapiga picha, tukarudi mjini tukiimba.

Kisha poso tatu, kijani kilichobaki kikaanza kugeuka rangi ya kutu. Ubavuni mwa miti kulikuwa na mashimo, nasi tukasema mvua ikija yatafunga. Mvua ikaja mwezi wa kumi. Hayakufunga. Miti kumi na sita ikakufa yote, na ile mingine ishirini na saba imebaki na upande umoja mzuri na upande umoja wa aibu. Kwetu tunaziita sapeni za ukutani, sababu ukizisimamisha karibu na ukuta hakuna mgeni atakayejua.

Sisi ni watu wa sendika. Tumezoea kusoma mikataba, kuhesabu masaa ya ziada, kukaa mezani na wakubwa wa kazi. Kilimo hatukusoma. Lakini hilo shamba tuko nalo, kandokando ya njia inayotoka Kolwezi kuelekea Nzilo, hekta moja na kitu, na wanachama ishirini na mmoja: wazee wa pansyo, vijana ambao mkataba wao na kampuni ndogo za kazi ulikwisha na hawakuitwa tena, na mama wanne wajane. Wazee wetu hawajasahau mwaka 2003 na 2004, wakati wafanyakazi zaidi ya elfu kumi wa Gécamines walitoka kazini kwa ule mpango wa kuondoka kwa hiari uliolipiwa na Banki ya Dunia. Tangu wakati ule, mtu wa mgodi hapa kwetu anajua kwamba kazi inaweza kukwisha kwa barua moja, na kwamba ni vizuri kuwa na udongo mahali fulani.

Wengi wanatuuliza: sababu gani sapeni? Ni swali la haki. Unga wetu mwingi unatoka Zambia, na malori yakikwama Kasumbalesa bei ya mfuko inapanda siku ile ile. Mama mmoja, mjane wa mwenzetu, alituambia tangu mukutano wa kwanza: «Baba, ile sapeni, batoto batakula namna gani?» Tulimjibu kwamba nusu ya shamba ni muhindi na muhogo, na katikati ya safu za miti tutapanda maharagi mpaka kivuli kitufukuze. Alinyamaza, lakini hakukubali. Mtamsikia tena.

Mawazo ya miti yalitoka kwa mzee mmoja aliyekuwa mpishi katika kantini ya kampuni. Kila mwezi wa kumi na mbili aliona miti ya plastiki ikitolewa kwenye sanduku, imejaa vumbi, na wageni wanasema kwao mti wa Noeli ni mti wa kweli unaonuka pori. Akasema hoteli na maparokia ya Kolwezi yanaweza kununua mti wa kweli, kama mtu anaweza kuutoa mzuri. Neno kubwa ni hilo: mzuri. Mti unaoota wenyewe hauna umbo la Noeli. Umbo ni kazi ya mkono.

Sapeni yenyewe ya Ulaya inataka baridi ya kweli, hapa tunaihesabu kuwa ndoto. Mti wetu ni siprè, ndugu wa ile ambayo Biblia ya Kiswahili inaita mberoshi. Wataalamu wanauita Cupressus lusitanica, yaani siprè ya Ureno, lakini asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Ni mti ule ule ambao watu wa Kenya wanaweka nyumbani siku ya Noeli. Mbegu hatukununua; tuliokota chini ya siprè nne nzee katika lupango moja la zamani mjini, tukaotesha katika mifuko ya plastiki ya maji ya kunywa.

Udongo tuliuchagua kwa macho ya watu wa mgodi. Kila mzee wa hapa anajua: mahali shaba iko karibu na juu, miti ya pori haikubali. Kilima kinabaki na majani na maua madogo tu, na moja ya maua hayo, Haumaniastrum katangense, ndilo linaloitwa ua la shaba, watafutaji wa madini walilifuata sawa vile mwindaji anafuata nyayo. Sisi tulitafuta kinyume. Tuliona visiki vikubwa vya miombo iliyokatwa kwa ajili ya makala, tukafurahi mara mbili: miti itaota, na labda hakuna kreseri atakayetamani hapo. Ile furaha ya pili ilikuwa ya haraka kidogo. Kasulo watu walikaa na nyumba zao miaka na miaka, halafu mwaka 2014 kobalti ikatoka chini ya malupango, na mtaa mzima ukageuka mashimo. Kivuli cha mti hakikuambii kilicho chini mita kumi.

Tulipanda miti mia tatu na arobaini, mwanzo wa mvua ya mwaka 2021, mita moja na nusu kati ya mti na mti. Mchwa walichukua yao. Moto wa pori ulichukua safu moja, mwaka ambao tulichelewa kusafisha kandokando mwezi wa tano. Sisi wenyewe tulichukua kumi na sita, kama tulivyosema. Leo inasimama mia mbili sabini na moja.

Sasa kazi yenyewe, sababu kuna wasomaji wenye siprè nyumbani na wanaikata vibaya sawa sisi tulivyoikata.

Jambo la kwanza ni rangi. Shika tawi la siprè, fuata kutoka ncha mpaka kwenye shina. Nje kuna kijani, ndani kuna sehemu ya kahawia isiyo na majani. Ukikata kwenye kijani, tawi linatoa vidole vipya pande zote, na mti unakuwa mzito, unafunga. Ukikata nyuma, kwenye kahawia, hakuna kinachotoka. Si mwaka huu, si mwaka ujao. Miti mingine inasamehe, karatusi hata ukiikata chini kabisa inarudi, siprè haisamehe. Kwetu tuliozoea mgodi, hili lilikuwa gumu kuliko yote. Mgodini unalipwa kwa kile ulichotoa. Hapa kazi nzuri ni ile ya kuondoa urefu wa kidole na kuacha.

La pili ni wakati. Mti ulionyolewa unahitaji maji ili ufunge vidonda vyake na kutoa vidole vipya. Kwa hiyo sisi sasa tunanyoa kidogo kidogo mara tatu: mvua ikishika mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja, tena mwezi wa kwanza, tena mwezi wa tatu mbele mvua haijakatika. Tangu mwezi wa tano mpaka wa tisa mupanga unalala nyumbani. Ile ya mwezi wa kumi na moja ni nyepesi sana kwa miti itakayouzwa, sababu ikibaki poso sita au saba mbele ya Noeli, ncha zinapata laini tena na mti hauonekani kama askari aliyenyolewa asubuhi.

Halafu kuna kichwa. Mti wa Noeli una kichwa kimoja. Siprè inapenda kuwa na viwili, vitatu, vinagombana, na mwisho mti unapasuka katikati kama chama ambacho kila mtu ni rais. Tunachagua kile kilichonyooka, vingine tunaondoa vikiwa bado vidogo. Kikiwa kirefu mno tunakipunguza, tunaacha shibiri moja juu ya matawi. Kikiinama, tunakifunga kwenye fimbo kwa kipande cha mpira, si kwa waya, sababu waya unakula ngozi ya mti.

Umbo la chini tulijifunza polepole. Mti wa mita moja na nusu unapaswa kuwa na upana wa mita moja hivi chini, na kupungua mpaka kileleni. Watu wanapenda kuacha katikati nene sababu inaonekana yenye afya. Lakini sehemu ya juu ikiwa pana, inafunika ya chini, ya chini inakosa jua, inakuwa kahawia, na mmesoma hapo juu kahawia maana yake ni nini. Mzee mmoja aliyesaidia wapimaji wa mgodi alitengeneza gabari: mbao mbili zilizopigiliwa sawa herufi A bila mguu wa katikati. Unaisimamisha mbele ya mti, kinachotoka nje ya mbao kinakatwa. Tunaizungusha mara nne, halafu tunarudi nyuma hatua kumi kuangalia. Ukikaa karibu, jicho linadanganya. Hilo hata wapimaji wanakubali.

Chini kabisa tunaondoa matawi yote mpaka urefu wa shibiri moja na nusu. Hapo ndipo mnunuzi atasimamisha mti wake. Pia unaona udongo wa mchwa ukipanda kwenye shina, na majani ya pori hayapati pa kujificha. Na wakati wa kunyoa ni wakati wa kufungua matawi na kuangalia ndani. Kuna chawa mdogo wa siprè aliyeonekana Malawi mwaka 1986 na kufika Kenya mwaka 1990, alikausha miti mingi sana katika inchi za Afrika ya Mashariki. Anakaa kwenye matawi ya ndani akinyonya, na tawi linakauka kutoka ndani kuja nje. Kwetu hatujamwona. Tunaangalia kila mara.

Tuje kwenye mupanga, na hapa tunaomba wasomaji wa mgodi wasicheke. Mwezi wa tatu uliopita kijana wetu mmoja alijikata chini ya goti. Alikuwa akishusha mupanga kwenye upande wa mti, kutoka juu kwenda chini, tawi likakataa, chuma kikateleza. Alishonwa nyuzi saba. Alivaa nini mguuni? Babushi. Sisi, ambao kila mwaka tunapigania bote na kaske na miwani katika kila mgodi tunaoingia, ambao tumesimamisha kazi juu ya glavu, shambani kwetu wenyewe tulikwenda na babushi. Mama yule wa mukutano wa kwanza akasema neno moja tu: «Sendika.» Tukaona haya.

Tukatafuta namna wengine wanafanya. Marekani, ambako mti wa Noeli unachukua miaka saba hivi mbele ya kuuzwa, wanyoaji wanatumia kisu kirefu chembamba, karibu sentimita arobaini, na wanafunga kinga ngumu mguuni, sababu kisu kinashuka upande wa mguu siku nzima. Sisi tulinunua sokoni kipande cha mkanda wa mpira, ule wa kubebea mawe (risiti tuko nayo, asiulize mtu), tukakata kinga za mguu, kutoka goti mpaka kwenye bote. Watu wawili hawanyoi mti umoja. Kati ya mtu na mtu, hatua tano. Mtoto haingii katika safu inayonyolewa, hata kuleta maji. Ulimbo wa siprè unashika kwenye chuma na kufanya mupanga uteleze, kwa hiyo kila miti kumi unasimama, unapangusa na petroli kidogo, unanoa. Anayesimama kupangusa hakuna wa kumwambia anachelewesha kazi. Tumeandika hayo kwenye daftari na kila mtu ametia sahihi, sawa mkataba wa kazi.

Katika kutafuta tulikuta habari nyingine ambayo haituachi. Sapeni nzuri kuliko zote huko Ulaya, zile ambazo Danemark na Ujerumani zinalima kwa wingi, mbegu zake nyingi zinatoka Georgia, inchi ya milima ya Caucasus, katika wilaya ya Ambrolauri, mkoa wa Racha. Mbegu ziko juu kabisa ya mti. Wanaume wanapanda mita thelathini kuzichuma, wengi wao kwa miaka mingi walipanda bila kamba, na kuna walioanguka. Mti wenyewe unakuja kuuzwa bei kubwa mbali sana na pale. Tulisoma habari hiyo kwa sauti wakati wa chakula. Hakuna aliyeuliza maana yake.

Sasa tuko kwenye shida ya mwaka huu, na ndiyo sababu tunaandika.

Mwezi wa nane, asubuhi moja, tulikuta vijiti sita vyenye utepe wa rangi ya machungwa vimesimikwa katika shamba, viwili kati ya safu zetu. Hakuna aliyetuambia ni vya nani. Tangu sheria ya mwaka 1973 udongo wa inchi hii ni wa Serikali, mkulima yuko na haki ya kuutumia tu. Na sheria ya migodi, ile ya 2002 iliyogeuzwa mwaka 2018, inasema mwenye kibali akichukua mahali mtu analima anapaswa kumlipa fidia. Tunazijua hizo karatasi, tumewasaidia wengine kuzisoma. Na tunajua namna hesabu inafanyika: mtu anapita na daftari, anaandika anachokiona. Mti uliokaa kama pori ataandika pori. Mti ulionyolewa, wenye kichwa kimoja, katika safu, wenye shina safi, hata mtu mwenye haraka anaona kwamba mkono wa mtu ulipita hapo miaka. Kwa hiyo tangu mwezi wa nane tunanyoa pia kwa ajili ya daftari lile. Tumepiga picha ya kila safu, na mkubwa wa kijiji aliyetupa udongo ametia sahihi kwenye idadi.

Mwezi wa kumi akaja mnunuzi, mtu mwenye kampuni ndogo inayopeleka vitu kwenye makambi. Akatembea katika safu, akagusa matawi, akasema ni mazuri. Anataka yote: mia mbili sabini na moja, dola tano kwa mti, pamoja na sapeni za ukutani, tumkatie sisi, na malipo kisha Bonane. Tukauliza kisha Bonane siku gani. Akasema faktura inachukua siku sitini, kama kawaida. Kila mtu wa sutretansi anaijua hiyo «kama kawaida».

Mukutano ulichukua masaa matatu. Miti iliyofika kifuani ni mia moja na kumi na nane. Mingine bado ni ya kiunoni, ikikatwa sasa ni hasara, ikiachwa mvua moja au mbili itauzwa mara mbili ya bei hiyo. Hayo ndiyo tuliyosema sisi wa kamati. Mama yule akasimama. Akasema: «Bababa, muko munasema mvua mbili. Mutoto wangu iko mwaka wa mwisho, Exetat haingojee mvua. Na bile bijiti bya machungwa, nani alisema bitatungojea?» Hatukuwa na jibu zuri. Kama vijiti vile ni vya kweli, pengine yeye ndiye aliyeona vizuri, na sisi tunanyoa miti ya mtu mwingine.

Tulipiga kura. Kumi na wawili walitaka kuuza themanini tu, kwa pesa mkononi, na kuacha mingine isimame. Tisa walitaka kuuza yote. Mnunuzi alikasirika, akaenda, akarudi kisha siku nne: atachukua themanini kwa dola saba, nusu siku ya kukata, nusu siku lori linapoondoka. Parokia moja imeomba sapeni mbili za ukutani, na ukuta iko nao. Kwa mtoto wa yule mama, likelemba itatoa pesa ya mtihani, naye atarudisha wakati miti ya safu yake itauzwa. Alikubali, lakini alitaka iandikwe. Iliandikwa.

Jumamosi hii tunanyoa safu ya tano na ya sita, ile nyepesi ya mwisho mbele ya Noeli, kuanzia saa moja ya asubuhi. Anayetaka kujifunza aje na bote na mupanga ulionolewa. Mwenye babushi atabaki na mama kupika bukari.